Injinia Aliyechomea Mbuzi Vigingi Vyangu

Leo injinia kachekecha udongo juani mpaka saa tisa, mimi niko kivulini nakunywa chai.

Ngoja niwaambie.

Kazi yangu mnaijua. Kabla hawajajenga chochote hifadhini, natangulia kukagua kama chini kuna mabaki ya watu wa kale.

Wiki iliyopita, huku Kondoa, nilichomeka vigingi vinane vya kuzuia kuchimba pale wanapotaka kujenga hoteli, maana pamejaa vigae vya vyungu. Injinia akaving'oa, akavifanya kuni za kuchomea mbuzi. Nilipolalamika akanicheka mbele ya vibarua: "Dada, vigae tu hivi. Unatuchelewesha bure."

Niliandika ripoti yangu, nikasubiri.

Leo asubuhi greda lake likapita palepale. Likafukua mifupa ya mtu.

Vibarua wakatupa sepetu, wakagoma kugusa hata udongo wake.

Simu yangu ikalia, ni injinia. "Shikamoo, dada."

Shikamoo! Mtu aliyenizidi miaka kumi!

Ujenzi umesimama mpaka rundo lote la udongo uliofukuliwa lichekechwe, na vibarua hawagusi. Wenye roho nzuri mtanisema, semeni tu.

Nikamkabidhi chekeche mkononi.

"Taratibu, injinia. Vigae tu hivyo."