Walivyolipamba gari bovu, kamati ikakata fungu lake

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita anapanda kwenye gari la zimamoto, anakaa vizuri kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Gari linakohoa. Anazungusha tena. Linakohoa, linanyamaza.

"Leo limeamka vibaya," anasema bila hata kukasirika, kisha anateremka kufungua boneti.

Gari lina miaka ishirini na saba, naye ameliendesha miaka kumi na tisa. Kituoni wanamwita Mama Pampu, kwa kuwa ndiye dereva na ndiye anayesimamia pampu ya kusukuma maji. Mama mkwe wake humtania kwamba mwanawe alioa mke ambaye tayari ana mume, tena mume mwekundu.

Wiki hii hana moyo wa kucheka. Saa nne atasimama mbele ya kamati ya bajeti ya baraza, kuomba warudishe fungu walilolikata: gari jipya na askari wawili wa zimamoto. Na aliyesababisha likatwe, anakiri, ni yeye mwenyewe na wenzake.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili iliyopita madiwani walitangaza kuja kukagua kituo. Sasa zimamoto nao wana yao: mgeni akija, kila kitu lazima king'ae. Siku tatu nzima wakasugua. Kutu ikapakwa rangi nyekundu. Mipira ya maji iliyotoboka ikakunjwa kwa ustadi, viraka vikatazama ukutani. Siku yenyewe, Mama Pampu akaliwasha gari mapema, akaliacha lipate moto, akalizima. Waheshimiwa walipofika alizungusha ufunguo mara moja tu. Likanguruma!

"Niliona fahari jamani," anasema. "Diwani mmoja akalipiga kofi ubavuni, akasema, 'Mbona hili bado bichi kabisa?' Na sisi tukashangilia. Wajinga sisi!"

Rasimu ya bajeti ilipotoka, gari jipya halimo. Askari wawili nao hawamo. Fungu lote limehamishiwa kwenye uzio wa ofisi za baraza.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, karakana ya maseremala ikashika moto. Zamu inatakiwa kuwa na watu watano. Walikwenda watatu. Mkuu wa zamu anaelekeza, Mama Pampu haruhusiwi kuiacha pampu, kwa hiyo anabaki mmoja tu wa kuingia ndani. Na huyo mmoja ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja.

Pampu ikagoma dakika nne. Dakika nne! Shemeji yumo ndani, mpira mkononi, maji hakuna, na hakuna mwenzake wa kumvuta. Alitoka akitambaa, mkono wa kulia umeungua hadi kiwiko.

"Mdogo wangu hakunilaumu," anasema Mama Pampu. "Aliniuliza tu, 'Dada, safari nyingine utanirudishia mzima?' Nililia, sikufichi."

Kabla ya saa nne, mlangoni mwa ukumbi wa baraza, mkuu wa kituo anamvuta pembeni.

"Dada, sema gari limechakaa, basi. Hayo mambo ya rangi yaache, tutaumbuka."

Anaitikia kwa kichwa. Zamu yake ya kuzungumza inafika. Mwenyekiti wa kamati anamtazama juu ya miwani, hana haraka yoyote.

"Mama, tulikuja wenyewe. Gari liliwaka mara moja. Sasa tukuamini wewe au macho yetu?"

Mkuu wa kituo anaangalia viatu vyake.

"Mheshimiwa, tuliwadanganya," anasema Mama Pampu. "Si kwa ubaya. Tuliona haya mtukute hivyo tulivyo."

Anamwaga yote: rangi juu ya kutu, viraka vilivyogeuzwa, gari lililopashwa moto kabla wageni hawajafika. Ukumbi unaangua kicheko. Anapofika kwenye mkono wa shemeji yake, kicheko kinakatika.

Mwenyekiti anavua miwani. "Mama, nikueleze ukweli. Vyote viwili hatuviwezi mwaka huu. Tukikwambia uchague, gari au watu?"

Mtu yeyote aliyemwona asubuhi kwenye boneti ile anajua anaulizwa nini.

"Watu, mheshimiwa. Gari nitalibembeleza mwenyewe. Moshi haubembelezeki."

Kura itapigwa Jumatatu, na hakuna diwani aliyeahidi kitu. Nje, mkuu wa kituo anamwambia, "Umetuanika, dada." Halafu anampa mkono, anaushika kwa muda.

Jumatatu hiyohiyo shemeji anarudi kazini, bandeji imetolewa. Kura ikienda vibaya, ataingia peke yake kama kawaida. Namuuliza Mama Pampu anachotamani.

"Nikiwa pale kwenye pampu, nione migongo miwili ikiingia kwenye moshi. Halafu niione ikitoka, yote miwili. Nimpigie mdogo wangu simu, nimwambie apakue, mumewe anakuja."