Saa ya Mchomeleaji

Kaka yangu wa pili ni karani wa stoo ya hospitali, na maisha yake yote hakuwahi kutengeneza hata kitasa. Uzeeni ndipo ugonjwa wa saa ukampanda. Alinunua kibano, bisibisi nyembamba na kioo cha kukuza cha kubana jichoni, akaiteka meza ya chakula. Sisi tukawa tunakula tumepakata sahani. Ukipiga chafya anakukodolea macho kama mwizi. Tukamwita Bwana Kibano.

Kusema kweli, alijifunza. Saa mbovu za sokoni zilitembea mkononi mwake. Kisha akaanza kuzirembesha: hii anaibadilishia uso, ile mishale, zote anazing'arisha mpaka unajiona. Tukamsifu, naye sifa zikamlevya.

Wifi, mjane wa kaka yetu mkubwa, akamletea saa ya marehemu iliyokatika kamani, ile springi ya ndani, ikasimama. Kaka mkubwa alikuwa mchomeleaji wa mageti, na kwa ubishi wake hakuivua saa ile kazini. Cheche ziliacha vidoti vyeusi kioo kizima. Wifi hakuwa na kingine cha mumewe. Nguo na vyombo vya kazi tulishagawana sisi ndugu bila haya.

“Itembee tu, shemeji,” alisema. “Mengine yaache.”

Bwana Kibano akadhani anaogopa kumsumbua.

Siku ya kuikabidhi alituita sote. Saa ilikuwa na kioo kipya, uso wa buluu, na ganda linalometameta. Wifi aliiweka sikioni akatabasamu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kioo, akarudia, akaigeuza nyuma, akarudia tena.

“Shemeji, zile alama za moto ziko wapi?”

“Nimeziondoa zote,” kaka akajibu, kifua mbele. “Moja ya kwenye ganda ilinitoa jasho.”

Wifi akaulizia kioo cha zamani. Kilishaenda na takataka.

Wifi alimshukuru, na adabu yake hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Akaiacha saa mezani, akasema itampendeza zaidi kaka.

Na kweli anaivaa. Juzi mgeni aliisifia, naye akajigamba kwamba ni ya marehemu kaka yake. Nilitamani kumvua saa ile pale pale. Inatembea vizuri, haichelewi hata kidogo. Wifi haji tena kwetu.