Pale Saa Ilipopoteza Setilaiti

Cheka kwanza umalize, halafu unisikilize. Hata mimi, kama ningesimuliwa kisa hiki na mtu mwingine, ningecheka mpaka mbavu ziniume. Lakini kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja hata tone la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mkononi nilikuwa nimevaa saa inayohesabu mapigo ya moyo. Wangapi wanaosimulia habari za mizimu wakiwa na shahidi wa namna hiyo?

Mimi ni mtoto wa Kirolirwe, kule Masisi kwenye malisho. Ukikimbia kule, ng'ombe wa vilima vyote wanakutazama. Binamu yangu anayeishi Kampala aliniletea saa ya kukimbilia, ile inayosikiliza setilaiti na kuchora njia yote uliyopita, na kule kwetu haikukosea hata siku moja, maana hakukuwa na kitu kati yake na mbingu. Kisha vita vikatufukuza. Tulishuka Sake, tukazungukia Bukavu, tukatawanyika, na mimi nikajikuta Itebero, katikati ya msitu wa Walikale, nikiuza chumvi na sabuni katika duka la Papa Muhindo. Yeye ni mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mtu wa utani kuliko wateja wake wote. Nyumba tuliiacha, ng'ombe tuliwaacha. Kukimbia ndiko kulikobaki kuwa kwangu, nami nilikushika kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza kukimbia Itebero nilifanya kosa ambalo mtu wa nchi ya amani hawezi kulielewa. Huku kwetu mtu hakimbii bure. Mama wa kwanza aliyeniona alinyakua mtoto. Wa pili alinyakua sufuria ya maharagwe, ingali inachemka. Kabla sijalipita kanisa, kijiji kizima kilikuwa nyuma yangu, na wanakwaya mbele yao wote. Mimi nilipogeuka na kuona umati ule unakuja, nikajua kweli mambo yameharibika, nikaongeza mwendo. Tulikimbizana hivyo mpaka mtoni. Hapo baba mmoja, pumzi zimemwishia, akaniuliza adui wamefika wapi, nami nikamwuliza yeye.

Chifu hakukasirika sana. Aliamua kwamba nikimbie nikipenda, lakini kila ninapomwona mtu nipaze sauti niseme "Spoti!", na nikitoka upande wowote nitoe habari za njia kama wasafiri wote. Hilo la habari za njia wala halikuhitaji chifu. Wakati wa vita humpiti mtu njiani bila kumwambia ulikotoka kuko namna gani, na humdanganyi. Kuna watu wamekufa kwa habari moja ya uongo.

Basi, ndipo kochi mmoja wa Bukavu akatangaza kwamba anatafuta wakimbiaji wa mbio ndefu za milimani. Sisi tuliofungiwa na vita, tusioweza kufika kwenye majaribio, alituruhusu tumtumie kwa simu mchoro wa saa: mbio moja ndefu, kwa muda aliotupangia, na mstari usiokatika. Nilitamani nafasi ile mpaka usingizi ukanikimbia. Nikakimbia, nikatuma. Akajibu kwamba mstari umekatika mahali, saa imepiga mstari mnyoofu kama rula, na mtu anayeruka hivyo kwenye ramani kwa kawaida amepanda moto. Pikipiki! Katika njia ile ambayo hata mbuzi hushuka akiomba!

Nikaanza kuitibu saa. Papa Muhindo alisema inakosa rezo, yaani mtandao wa simu, nikamweleza kwamba setilaiti haziulizi rezo. Akasema basi inakosa jua, maana vitu vyote vya umeme dukani kwake vilikula jua. Nilijua ugonjwa wenyewe ni msitu: majani mazito yaliyolowa, na mabonde membamba yanayoziba mbingu. Nikajifunza kusimama uwanjani kabla ya kuanza, mpaka saa ikamate setilaiti za kutosha. Nikazima ule mpangilio wa kubana betri, nikaiamuru iandike kila sekunde, na isikilize aina zote za setilaiti badala ya moja. Nikapanda kilima chenye rezo, nikaipa programu mpya kupitia simu. Nikaivaa juu ya mkono wa shati, uso wake ukitazama juu.

Ikapona. Chini ya miti mikubwa kuliko yote, ambako mchana unafanana na jioni, ilichora bila kukosea. Ilibaki sehemu moja tu inayokatika. Na niamini ninapokuambia, sehemu hiyo haikuwa na mti hata mmoja. Ilikuwa ni uwazi mpana, nyasi na migomba iliyosahauliwa, mbingu yote iko juu yako. Penye giza inaona, penye mwanga inapofuka. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema saa ni mbovu. Sikuwahi kukuta mtu pale, kwa hiyo sikupaza sauti, nilitunza pumzi zangu nikapita. Nyuma yangu nilikuwa nikisikia kitu kama nyayo, lakini nilijiambia ni maji yanadondoka kwenye majani ya migomba.

Siku ya mwisho ya kutuma ilifika. Nilikuwa nimepata dawa moja ambayo sijaijaribu. Saa ikipoteza setilaiti huku unakimbia, zikirudi inakukuta mbele na kupiga mstari wa rula. Lakini ukisimama papo hapo usisogee, zikirudi itakukuta pale pale, na mstari hautaruka. Utapoteza muda, ndiyo, na muda wa kochi ulikuwa mfupi. Nikasema liwalo na liwe.

Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umelala kwenye nyasi. Nikaingia kwenye uwazi. Saa ikatetemeka: setilaiti zimepotea. Nikasimama kama nguzo.

Nyayo za nyuma yangu hazikusimama. Zilikuja, zikakaribia, zikafika ubavuni pangu, ndipo zikatulia.

Alikuwa mama wa makamo, kikwembe cha kiunoni kimepauka, mkeka umekunjwa kichwani, kuku kwapani. Miguu mitupu. Hakuhema hata kidogo. Nyasi zilizomfikia magotini zilikuwa zimejaa matone, na hakuna tone lililoanguka. Yule kuku alinitazama bila kupepesa. Nywele zilinisimama, nakuambia kweli.

"Bamefika wapi?" akaniuliza.

"Banani, mama?"

"Bale benye banakufukuza."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hofu yangu ikageuka aibu. Kumbe kila nilipopita pale kimya, mbio zimenikolea, nilikuwa ninamkimbiza mama wa watu. Angefanya nini? Akiona mtu anakimbia, naye anabeba mkeka.

Nikamwambia hakuna mtu, niko nafanya spoti tu. Neno hilo hakulijua. Nikamweleza kwamba kuna watu wanakimbia kwa kupenda, wanaanza pamoja, anayefika mbele anapigiwa makofi, halafu kila mtu anarudi kwake kula. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye homa.

"Na vita, imeisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi, na ningeendelea na safari yangu. Saa ilikuwa inahesabu, nafasi yangu inayeyuka. Lakini zile zilikuwa habari za njia.

"Haiyaisha, mama," nikamwambia. "Lakini minatoka kule sasa hivi. Njia iko muzuri. Leo nyuma yetu hakuna mutu."

Akasikiliza bonde. Kisha akamtua kuku chini, akautua na mkeka, taratibu, akanyoosha shingo kama mtu aliyebeba mzigo tangu kabla sijazaliwa. Na akacheka. Kicheko cha kawaida kabisa, cha mama sokoni.

"Basi tukimbie hiyo yako," akasema.

Akakaza kikwembe, akaondoka. Mkononi saa ikatetemeka: setilaiti zimerudi. Nikamfuata. Haki ya Mungu, sijawahi kukimbia hivyo, na sijui kama nitakimbia tena. Tuliteremka bonde lile yeye mbele mimi nyuma, akiruka mizizi kama binti, akigeuka kuona kama nimechoka, na kila nilipochoka alinicheka mpaka nikaona aibu kuchoka. Hofu iliniishia njiani, sijui wapi. Nilicheka na mimi. Penye daraja la magogo alisimama pembeni kunipisha. Nilipofika ng'ambo nikageuka nimshukuru, nikaliona daraja peke yake.

Papa Muhindo alinikuta mbele ya duka nikilia na kucheka kwa pamoja. Akatazama mchoro kwenye simu: mstari mmoja, mzima, na muda wa kochi nimeuwahi. Nikamsimulia yote. Akasema alisikia kwa wenyeji kwamba pale palikuwa kijiji, katika vita vya zamani watu wakakimbia asubuhi moja, na hakuna aliyerudi kulima. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaniuliza kuku alikuwa wa rangi gani.

Kochi alijibu kesho yake kwamba nimechukuliwa. Ila kipande cha mwisho, akasema, mtu hawezi kukikimbia hivyo peke yake. Nani alikuwa mbele akinivuta? Nikamwandikia: mama mmoja wa huku. Akajibu nimlete na yeye.

Njia ilipofunguka, Bukavu nilikwenda peke yangu, nikamaliza mbio katikati ya kundi, furaha tele. Tangu siku ile saa haijakatika tena pale kwenye uwazi. Kila nikifika napunguza mwendo, nasema kwa sauti njia iko namna gani, hata kama anayenisikia atadhani nimerukwa na akili.

Kisha ikaja siku ambayo milio ilisikika karibu kweli, na Itebero yote ikaingia msituni na vifurushi. Nilipofika kwenye uwazi nilisimama, godoro kichwani, watu wananisukuma, Papa Muhindo ananivuta mkono. Nilitamani sana kumwambia habari nyingine. Nikasema, "Mama, leo bamefika. Kimbia." Migomba ikatikisika upande mmoja, na upepo haukuwapo. Baada ya siku chache milio ilikwisha, tukarudi wote salama, na mimi kabla ya kufungua duka nilikwenda pale kumwambia kwamba njia imekuwa nzuri tena.

Kwa hiyo wewe unayependa kukimbia misituni kwetu, saa yako ikipofuka mahali penye mwanga, usiitikise, usiizime na kuiwasha. Simama. Mpe habari za njia yule aliye nyuma yako. Na kama kule ulikotoka si salama, chunga sana usimtulize kwa uongo, maana atakuamini, atautua mkeka wake chini, na atakaa pale pale.