Siku ya Arobaini, Langoni kwa Habaryar

Uunsi, ubani wetu wa Kisomali, ukichomwa karibu na mtu anayejipaka sanitaiza, harufu hizo mbili hugombana kwanza, kisha hupatana. Nikizinusa pamoja, hadi leo moyo hunienda mbio kama ulivyonienda Garissa mwaka ule wa korona, nikiwa na miaka kumi na miwili, asubuhi ya arobaini ya mtoto wa Habaryar Sahra.

Habaryar ni mama mdogo, ndugu ya mama yangu. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, yeye na mtoto. Siku ya arobaini hutolewa nje kwa shangwe, na katika familia yetu hutanguliwa na msichana aliyebeba dabqaad, yaani chetezo cha udongo, moshi ukimfungulia mtoto njia. Mwaka huo msichana huyo nilikuwa mimi! Wiki nzima nilifanya mazoezi na kikombe cha chai, nikizunguka ua wetu kwa hatua za bibi harusi, mbuzi wakinitazama bila heshima hata kidogo.

Jambo moja tu nililificha. Tangu jana yake koo lilikuwa likiniwasha kana kwamba nimemeza mchanga. Nililala kitanda kimoja na Ayeyo, bibi yangu mzaa mama, nikakizika kikohozi kwenye mto. Kulipokucha nikavaa gauni langu jipya la manjano, nikasema niko tayari.

Langoni kwa Habaryar tulimkuta Mwende, mhudumu wa afya wa mtaa, mzaliwa wa Kitui. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, na mkononi kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Wageni wachache tu waliruhusiwa, mmoja mmoja, baada ya maswali.

Hapa sina budi kukueleza kitu. Kwetu ukimwuliza mtu hali, atakujibu nabad, amani. Watoto? Nabad. Mifugo? Nabad. Hata kama ngamia amekufa alfajiri, utaambiwa baadaye, mkiwa mmeketi na chai imekwisha kumiminwa. Kutaja ugonjwa langoni, tena penye sherehe, ni kukosa adabu. Basi Ayeyo alijibu kama alivyolelewa.

"Ayeyo, una homa?"

"Nabad, alhamdulillahi."

"Kikohozi?"

"Nabad. Na mbuzi nabad. Mvua pia ilikuja."

"Ayeyo wangu, kusalimiana tumemaliza. Haya sasa ni maswali."

"Swali gani hiyo? Wewe Mwende, miaka kumi Garissa, na bado hujui salamu!"

Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka barakoa zikawateleza puani. Mwende alicheka pia, ila kalamu hakuiweka chini. "Umekaa karibu na mtu mgonjwa?"

"Nabad!" Ayeyo akapita, mkufu wake ukimetameta.

Zamu yangu ikafika. Kipimajoto hakikulalamika.

"Kikohozi? Koo?"

"Nabad," nilisema upesi.

Mwende hakuandika. Aliinama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Sikiliza, binti. Sikuulizi ili nikukamate. Mtoto wa siku arobaini, kifua chake ni kama ngumi yako. Wewe ukiugua utakunywa tangawizi upone. Yeye hata kukohoa hajajua vizuri. Hii mashine inaona joto tu. Koo lako unalijua wewe peke yako."

Ndani ya ua ngoma ilianza kulia. Niliiona dabqaad yangu pale kizingitini, makaa yamewiva, inanisubiri. Hatua kumi tu.

"Koo linauma," nikasema. "Tangu jana."

"Naa, msichana! Mbele za watu?" mwanamke mmoja wa foleni akaguna. Lakini Mwende aliniambia, "Hongera, mama," kwa sauti ya kusikika na wote, akanionyesha kivuli ng'ambo ya barabara. Dabqaad ikapewa binamu yangu Ifrah, ambaye hakuwa amefanya mazoezi hata siku moja.

Ndipo Ayeyo, aliyekwisha kuvua viatu, akavivaa tena. Alirudi langoni, akamnong'oneza Mwende jambo, kisha akavuka barabara na kuketi pale kivulini, mbali nami kidogo. Wakalifungua lango lote ili tuone. Ifrah alitoka mbio kama anayefukuza mbuzi, moshi ukimrudia usoni! Habaryar akamwinua mtoto juu, akatugeukia. Ayeyo alipiga vigelegele ndani ya barakoa, nami nikaruka-ruka mpaka nikasahau kulia.

Kwa miaka kadhaa nilisimulia kisa hiki kuwa Ayeyo aliiacha karamu ili kunibembeleza. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyengojewa kumvusha mtoto kizingiti, mjukuu wake wa kwanza wa kiume, na kwamba kazi hiyo ilimwangukia mtu mwingine. Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza Mwende bibi alimnong'oneza nini. Akatabasamu.

"Alisema, 'Lile swali la mwisho, niulize tena.'"

Mwende akamwuliza tena kama amekaa karibu na mtu mgonjwa, Ayeyo akajibu ndiyo.