Felicitas na Kiti Kilichovaa Kanga Yangu

Felicitas wa Tabata anasafisha viti vya magari, vile vya ngozi rangi ya maziwa ambavyo mie nisingevinunua katika mji wenye vumbi kama huu wetu. Siku moja alisafisha kiti kikawa cheupe mpaka ng'ombe wa jirani akaja kukilamba, akidhani ndama wake amerudi. Nilikuwepo. Usiponiamini, kamuulize ng'ombe.

Ni mwanamke wa Bukoba, mrefu, mchache wa maneno, ana viganja kama sinia. Stendi ya mabasi ilipokuwa bado Ubungo, alikuwaga anang'arisha viatu vya abiria, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Wiki ya kwanza walimcheka. Wiki ya pili wakaanza kumletea viatu vyao wenyewe. Huko ndiko alikoijua ngozi. "Bibi, hii ilikuwa mnyama," huniambia. "Ukiikwaruza inaumia, ukiilowesha inavimba, ukiiacha kavu inapasuka." Stendi ilipohamishwa, viatu vikaondoka na abiria wake, naye akahamia kwenye viti.

Sasa sikilizeni siku niliyomnyooshea mikono.

Mjukuu wangu Brightson ni dereva wa Mama Tayyaba, mwenye duka la vitambaa mjini. Gari la mama huyo lilikuwa na wiki mbili tu tangu linunuliwe. Nilikuwa na sherehe ya kipaimara Temeke, mama akamwambia, "Mpeleke bibi yako. Lakini viti vyangu, Brightson. Viti vyangu!"

Wakati wa kurudi Brightson akatandika taulo kwenye kiti cha nyuma. "Kalia hapo, mke wangu."

Mie nikalie taulo kama kitoto kikojozi? Siku hiyo nilikuwa nimevaa doti mpya ya kanga nyekundu, yenye michoro ya korosho kubwa kubwa, imetoka dukani asubuhi ile ile, haijaonja maji. Alipozunguka kwenda kwenye usukani, nikalivuta taulo nikalikanyagia. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha kidogo, na foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba kuna mtu mbele yetu alioa humo humo akapata na mtoto. Kufika Tabata, nikashuka, nikageuka nyuma. Kiti kimevaa kanga yangu! Korosho nyekundu tano, zimekaa kama zimepigwa mhuri. Nikazifunika na taulo vizuri, nikamshukuru mume wangu, nikaenda kulala.

Kesho yake mchana Brightson alitoa taulo. Kelele aliyopiga iliwaamsha kuku waliokwisha kuliwa. Saa tisa alitakiwa uwanja wa ndege, kuwapokea wakwe wa Mama Tayyaba; mama mwenyewe angemkuta huko huko. Akalikimbiza gari kwa Felicitas, nami nikafuata kwa miguu, eti napita tu.

"Shikamoo, Bibi," Felicitas akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Albano, anayeosha magari hapo jirani, alikuwa ameshatoa ushauri. "Piga petroli, mama! Dakika mbili tu."

"Petroli itaondoa doa na kiti chake," Felicitas akamjibu.

Alianza na maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto na brashi laini, kwanza kule chini kusikoonekana, ndipo akapanda juu. Povu likawa la waridi. Korosho hazikubanduka.

"Brightson, nani alikaa hapa?"

"Bibi tu, tena juu ya taulo. Labda yale maboksi ya dukani."

Felicitas akaweka brashi chini. "Wino wa boksi una dawa yake, wanja una yake, nguo ina yake. Nikikisia, naichubua ngozi. Nisipojua, sigusi."

Brightson akakaa juu ya ndoo, kichwa mikononi. "Dereva aliyenitangulia alifukuzwa kwa soda, dada Feli. Soda tu!"

Felicitas akaniangalia begani. Akaangalia kiti. Akarudi begani. Hapo nikakumbuka: kanga niliyoikalia nilikuwa nimeificha uvunguni, lakini hii niliyojitanda ilikuwa pacha wake!

Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Aliniletea kigoda, akasema, "Kaa, Bibi, jua kali," akarudi kusuuza brashi, saa ya ukutani ikisogea. Kigoda kile kilikuwa na moto, nawaambia.

"Mume wangu," nikasema, "lile taulo sikulikalia."

"Bibi!"

Albano alicheka hadi akatumbukia kwenye beseni la povu. Felicitas hakucheka. "Nipe hiyo kanga."

Akatia spiriti kidogo kwenye pamba, akagusa kona ya kanga. Rangi ikahamia kwenye pamba. Akagusa ngozi kule chini, akasubiri; ngozi ikabaki na rangi yake. Ndipo akaingia kazini, korosho moja baada ya nyingine, akigusa na kuinua, hasugui, kila mguso na pamba safi ili doa lisirudi, kama anayemfuta kichanga uso. Mwisho akapaka mafuta ya ngozi.

Saa nane na nusu ilibaki chembe moja kwenye mshono, kama punje ya ulezi.

"Hii naiacha," akasema. "Nikiendelea nitatoa rangi ya kiti chenyewe. Mwonyeshe mama kabla hajaiona."

"Nimwonyeshe?"

"Mwonyeshe. Na umwambie ilikotoka."

Brightson aliondoka mbio. Jioni akanisimulia: mama alivaa miwani, akainama, akaitafuta punje ile mpaka akaelekezwa kwa kidole. Akauliza, "Na kanga ya bibi ilipona?" Akaomba namba ya Felicitas.

Brightson bado anaendesha gari lile. Mie nikipanda, nakalia taulo, na mkanda ananifunga yeye mwenyewe.

Kona ya kanga yangu imebaki nyeupe. Watu wakiniuliza, nawaambia ililambwa na twiga. Felicitas akiwa karibu, hukohoa.