Mkaa wa Chai ya Wageni

Wiki ile vita vilipofunga barabara za kuingia Juba, mkaa uliadimika hata soko la Custom. Tuliporudi kutoka ukimbizini Uganda tulidhani shida ya kuni tumeiacha kambini. Thubutu. Hapa mtaani Buluk jirani alikuwa anapikia mbao za kitanda.

Mama alikuwa anaharisha siku ya tatu. Nesi alinipa chumvi na sukari, akasema dawa ya kutia kwenye maji imekwisha, kwa hiyo nichemshe. Akinywa yale ya mtoni hivi hivi, alisema, usimlete tena kwangu. Nyumbani palibaki mkaa wa kopo moja, wa kuchemsha sufuria moja tu.

Nikawasha jiko. Maji yanaanza kuchemka, wanawake wa kanisani wakaingia kumpa mama pole. Walikuwa watano, na walitembea kwa miguu huku risasi zinasikika. Mama akanyanyua kichwa mkekani.

"Tia majani ya chai."

Nikamnong'oneza, "Mama, maji haya ni yako."

"Sijafa bado. Mgeni hatoki kwangu na midomo mikavu. Unataka waseme nini?"

Nikatia majani. Nilihesabu kwamba kitabaki kikombe kimoja, nikichuje nimpe yeye. Mara wakaingia wengine wawili. Walikunywa taratibu, wakaisifu chai, wakaomba. Niliwachukia, Mungu anisamehe. Neno moja tu lingetosha, wangerudisha vikombe. Lakini kwetu huwezi kumwambia mgeni kwamba jiko lako limekufa. Na kwa jirani sikwenda kuomba, nilikuwa na kiburi changu cha kijinga.

Walipoondoka, mama aliomba maji. Ulimi ulikuwa umemkauka hata maneno hayatoki vizuri. Nilikaa na kikombe kitupu, kisha nikakichovya kwenye mtungi wa maji ya mtoni. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe, akanywa yote, akaniambia asante.

Aliishi siku mbili.

Wanawake wale wale ndio waliotangulia kufika msibani, kila mmoja na mkaa wake kwenye ndoo, kama ilivyo desturi ya kumsaidia mfiwa. Kumbe kila nyumba ilikuwa imeficha kidogo. Walimimina pembeni ya ukuta mpaka likawa rundo, wakawasha moto, wakabandika sufuria kubwa kuliko yangu. Maji ya kumwosha mama yalichemka mpaka yakamwagika.