Jiko la Jua la Ifo

Wanawake wenzangu wa Balambala, mlinituma nikalione jiko la jua kwa macho yangu kabla hatujakubali letu. Bwana Mutiso, afisa wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka Ukambani, alikuwa amesema majiko yakifika tu, kukata kuni kando ya mto ni marufuku. Kambi ya wakimbizi ya Ifo, alisema, miti imepona. Nilikuwa na sababu yangu pia. Fadumo, binti wa mdogo wangu Halima, alikuwa Ifo na mama yake tangu vita vilipowafukuza Somalia. Nikamfungia nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyohifadhiwa kwenye samli, maana aliipenda tangu utotoni.

Alfajiri niliondoka na lori la mbuzi. Garissa tukalala tukingoja msafara wa askari, kwa sababu ya majambazi wa njiani. Dereva akanitania kwamba ayeyo, yaani bibi, mkali kama mimi majambazi watamrudisha wenyewe. Nikamwambia aangalie barabara.

Adhuhuri tulifika Ifo. Nje ya kila kibanda kulikuwa na kadibodi inayong'aa kama bati jipya, na sufuria nyeusi katikati. Halima alinishika mkono. Nikamuuliza Fadumo yuko wapi.

"Tulimzika mwezi wa Ramadhani, abaayo, dada yangu."

Inna lillahi. Nikakaa chini na kifurushi changu.

Polepole akanieleza. Majiko yalipogawiwa, ofisi ya kambi ilisimamisha mgao wa kuni. Mwenye jua, walisema, ana haja gani ya kuni? Ramadhani ikaingia.

"Hili jiko halifungi saumu," akasema Halima. "Mwezi mzima linataka kupika mchana."

Daku hupikwa jua halipo. Anjera nayo, mkate wetu mwembamba wa moto mkali, jiko hilo haliiwezi hata saa sita. Fadumo akaenda porini na wenzake kutafuta kuni. Watu wenye bunduki wakawatokea. Wenzake walikimbia. Yeye alikuwa amefunga kwa maji tu, bila daku, mbio hakuwa nazo.

Siku ya pili nikaenda ofisini. Kijana mmoja mpole akaniambia nia ilikuwa kuokoa miti na kuwaepusha wanawake na pori. Nikamwambia nia sina ugomvi nayo. Kati ya waliopanga, nani anapika? Akaniagizia chai. Ilichemshwa kwa mkaa.

Nilikaa na Halima. Maharagwe ya jua yaliiva vizuri, nisiseme uongo. Nyirinyiri hakuifungua.

Jioni niliporudi Balambala, Bwana Mutiso alikuwa ananingoja. Nikamwambia yote. Jiko si baya. Lete, tulipime mpaka Ramadhani na masika vipite, lakini kuni usizifunge kwanza. Nilichojifunza ni hicho: usimwondolee mtu la zamani kabla hujaona analiishi lile jipya.

Alisema mpango umeshapitishwa Nairobi. Kisha akakaa mkekani.

"Mama, kwani nyinyi mnapika saa ngapi?"

Nikamwambia. Ifo hakuna aliyemuuliza Fadumo.